Injini Mpya, Breki Zile Zile

Ndugu Wafanya Kazi,

Safari hii hatuandiki habari za mishahara, ingawa twajua kwamba mtu akiipokea karatasi hii hulitafuta neno hilo kwanza. Twataka kusema juu ya pikapu moja kuukuu, na jinsi sisi wafanya kazi tisa wa reli hapa Eldoret tulivyoitoa injini yake ya petroli tukaitia ya dizeli. Huenda mtauliza, jambo hilo lakihusu nini Chama? Tafadhali msome mpaka mwisho. Mtaona kwamba lakihusu sana, na kwamba aibu iliyomo ndani yake ni yetu sisi wenyewe, si ya bwana mkubwa yeyote.

Kwanza habari ya gari. Ni Land Rover ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Tulilinunua kwa akiba tuliyoiweka pamoja kila mwisho wa mwezi. Kazi yake ni kushuka Bonde la Kerio na unga na saruji ya wenye maduka, na kupanda na maembe ya kuuza sokoni Eldoret. Kwa kuwa sisi tuko kazini mchana, tulimwajiri dereva, kijana mwenye leseni halali na adabu njema.

Anayeijua njia ile ajua taabu yake. Mji wa Iten uko ukingoni, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara yateremka kwa kona nyingi, yapita Tambach, hata kufika bondeni, zaidi ya mita 1,000 chini ya Iten. Injini ya petroli ya gari letu, ambayo ukubwa wake ni kama lita 2 na robo, ilikuwa nzima. Lakini ilipopanda na mzigo ilikunywa kama ng'ombe wa kiangazi aliyefika mtoni. Kila tarehe 14 ya mwezi bei ya mafuta ikitangazwa, sisi tisa tulitazamana. Msimu ulipokwisha tukafanya hesabu, tukaona faida yote imebaki kituo cha mafuta. Basi tukaazimia kutia injini ya dizeli.

Azimio hilo halikuwa kosa, nasi twalitetea hata leo. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Yaibana hewa peke yake mpaka hewa inakuwa ya moto sana, halafu dizeli hunyunyizwa ndani nayo huwaka yenyewe. Kwa kuwa yabana kwa nguvu kuliko petroli, yapata kazi zaidi katika kila lita. Mjerumani Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi vizuri mwaka 1897. Wenye kutengeneza Land Rover walianza na petroli mwaka 1948, na mwaka 1957 wakaanza kuuza za dizeli. Hata wazee wetu wa reli walipitia njia hiyo. Zile injini kubwa za mvuke za aina ya 59, ambazo zilikuwa 34 na zililetwa kutoka kwa Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa bado changa wakati dizeli za English Electric zilipofika mwaka 1960. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba kubadilisha injini ni wazimu. Mfanya kazi hawezi kununua gari jipya. Aweza kulifanya la zamani limfae.

Tulipata injini ya Isuzu, ile iitwayo 4JB1, ya silinda nne na ukubwa wa karibu lita 2.8, iliyotolewa katika gari lililogongwa. Tuliichagua kwa sababu pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi, kitu ambacho fundi aweza kukifungua na kukielewa.

Sasa twawaambia tuliyojifunza, maana tumesikia kwamba wengi wenu mna mawazo kama yetu. Watu hudhani kubadilisha injini ni kuinua moja na kushusha nyingine. Sivyo hata kidogo. Injini ya Isuzu haikuundwa ikae na giaboksi ya Land Rover. Katikati yao lazima pawe na sahani nene ya chuma, iliyokerezwa sawasawa, ili shafti ya giaboksi iingie katikati kabisa ya flaiwili. Ikipotoka kidogo tu, klachi itatetemeka na beringi zitaliwa mapema. Mikono ya kushikilia injini yatakiwa kukatwa na kuchomelewa upya kwenye chesisi, kwa kuwa dizeli hutikisika zaidi. Bakuli la oili chini ya injini lisigongane na difu ya mbele gari likiingia shimoni. Springi za mbele zitazamwe kama zitauweza uzito. Rejeta isafishwe, na feni ikae mahali inapoweza kuvuta hewa. Tangi la petroli lioshwe, tena liongezwe bomba la pili, maana dizeli isiyotumika hurudi tangini. Chujio la kutenga maji liwekwe. Na msisahau kwamba dizeli haizimwi kwa kukata umeme wa plagi. Huzimwa kwa kukata mafuta, na kwa hiyo yataka waya au swichi ya kazi hiyo.

Haya yote tuliyafanya, tena tuliyafanya vizuri. Kati yetu wamo mafundi waliozoea kupima chuma, nasi tulisaidiana na fundi mmoja wa jua kali aijuaye kazi yake kuliko wengi wenye vyeti. Kazi ilichukua majuma matatu. Siku injini ilipounguruma, watoto wa jirani walipiga makofi, nasi tulijiona watu wakubwa.

Lakini palibaki jambo moja, nalo ndilo sababu ya maneno haya yote.

Land Rover yetu ina busta ya breki. Busta ni kopo la chuma lenye ngozi ya mpira ndani yake. Hewa ikinyonywa upande mmoja wa ngozi ile, hewa ya nje husukuma upande wa pili, na hivyo mguu wa dereva husaidiwa. Ni nani anyonyaye hewa ile? Katika gari la petroli ni injini yenyewe. Dereva akiinua mguu wake kwenye mafuta, mlango wa hewa hufungwa, na silinda zavuta kwa nguvu mahali palipozibwa. Injini ya dizeli kama yetu haina mlango huo. Hewa huingia wakati wote bila kuzuiwa, kwa hiyo injini haivuti kiasi cha kuifaa busta. Waliounda Isuzu walilijua jambo hili, ndipo wakaweka pampu ndogo ya kunyonya hewa nyuma ya altaneta. Lakini injini tuliyonunua ilikuja bila altaneta, nasi tukaifungia ile ya zamani ya Land Rover, ambayo haina pampu.

Tena liko jambo la pili. Mlango ule ule wa hewa, ukifungwa, huikaza injini ya petroli na kulishika gari mteremkoni. Dizeli isiyo na mlango haishiki kwa nguvu ile. Basi gari letu lilinyang'anywa msaada mara mbili: injini haikulizuia kama zamani, na mguu wa dereva haukusaidiwa kama zamani.

Fundi wa jua kali alituambia waziwazi kwamba hapo pataka altaneta yenye pampu, na bila hiyo breki itakuwa ngumu. Tukamjibu kwamba tumesikia, tutanunua mwisho wa mwezi. Akiba ilikuwa imekwisha, maembe yalikuwa yameiva, na wenye maduka walikuwa wakingoja saruji. Bei ya kitu kile haikufika hata bei ya tairi moja.

Asubuhi ya safari ya kwanza dereva alilizungusha gari uwanjani, akakanyaga breki mara tatu, akashuka. Akasema, "Wazee wangu, breki ni kama jiwe. Kutembea mjini naweza. Kushuka Tambach na saruji, hapana."

Ndugu zetu, sikieni tulivyomjibu, nasi twaandika kwa haya. Mmoja wetu alisema kwamba Land Rover za zamani zilikuwa hazina busta, na watu walishuka nazo. Mwingine alisema kijana huyu amezoea raha. Wa tatu akasema maneno ambayo sisi sote tumewahi kuambiwa, wengine zaidi ya mara moja: "Kama huitaki kazi, wako wengi wanaoitaka." Hakuna hata mmoja wetu aliyemkanya msemaji. Kijana aliweka ufunguo juu ya boneti akaenda zake, na siku ile hatukumlipa kitu.

Yule aliyesema habari za Land Rover za zamani alikuwa amekosea. Breki isiyo na busta imepimwa tangu mwanzo kwa nguvu ya mguu peke yake. Breki iliyo na busta imepimwa kwa mguu na busta pamoja. Ukiondoa msaada wa busta, hukurudi kwenye gari la zamani. Umebaki na gari ambalo halikutengenezwa na mtu yeyote. Lakini siku ile hatukutaka kusikia.

Mmoja wetu, fita hodari, alichukua usukani ili kuonyesha kwamba ni woga tu. Wawili wetu tulikaa naye mbele. Nyuma palikuwa na mifuko 15 ya saruji, yaani kilo 750. Mpaka Iten mambo yalikuwa mema. Tulipoanza kuteremka, kona ya kwanza aliipata kwa shida. Kona ya pili alisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, mgongo wake ukisukuma kiti. Gari halikusimama, lilipunguza mwendo tu. Tukasikia harufu ya dramu zilizopata moto. Hapo mwenzetu alifanya akili, akaingiza gia ya chini kwa nguvu, akalielekeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, likakwaruza udongo na mawe mpaka likasimama. Taa moja ilivunjika na madigadi yakapindika. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na kitu ila bonde.

Hatukuumia. Twamshukuru Mungu kwa hilo, lakini hatuwezi kumpa Mungu lawama ya uvivu wetu wa kununua pampu. Tulikaa kimya kitambo kirefu. Sote watatu tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja, yule kijana aliyeweka ufunguo juu ya boneti.

Sasa fikirini jambo hili. Sisi ni watu wa reli. Kama kuna watu wanaojua maana ya breki, ni sisi. Treni haiondoki kabla breki zake hazijapimwa, kutoka injini mpaka behewa la mwisho. Na breki ya hewa ya treni imeundwa kwa busara kubwa: bomba likipasuka au mabehewa yakikatika, hewa hutoka na breki hushika zenyewe. Mmarekani George Westinghouse aliyeibuni alifikiri habari ya kuharibika kabla ya chombo kuharibika. Kati ya Nakuru na Eldoret njia yetu yapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ni nani kati yetu ambaye angekubali kuteremka kutoka Timboroa na mabehewa ambayo breki zake hazikupimwa? Dereva wa treni akikataa, sote tungesimama upande wake, na Chama kingesimama mbele yetu.

Basi ilikuwaje watu wale wale, walipovua nguo za kazi na kuketi kama wenye gari, wakamwambia mtoto wa mwenzao mambo ambayo wao wenyewe wasingeyakubali? Tumelitafuta jibu, nalo si la kupendeza. Tulipokuwa na chombo, tulianza kutazama kwa macho ya mwenye chombo. Tuliona maembe yanayooza, tuliona wateja wanaokasirika, tuliona akiba yetu. Mguu wa dereva hatukuuona, kwa sababu haukuwa mguu wetu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na kwamba asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sisi tumeitaja sheria hiyo mara nyingi katika mikutano, tukiwaelekezea kidole wengine. Kijana yule hakuijua kwa kusoma, lakini aliifuata barabara: alipima, akaona, akaarifu, akakataa. Sisi tuliojua kusoma ndio tuliokosa.

Wako watakaosema kwamba biashara ndogo haiwezi kufuata mambo yote hayo, kwamba mtu maskini huanza na alicho nacho na kutengeneza mengine baadaye. Twajua uchungu wa maneno hayo, maana ni yetu. Mtu aweza kuanza bila rangi, bila turubai, bila kiti kizuri. Lakini breki si kitu cha baadaye. Bei ya pampu ni sehemu ya bei ya injini. Ikiwa hujaweza kununua pampu, basi injini bado hujainunua, ngoja. Shuleni kwa wamisheni tulifundishwa habari ya kiraka kipya kilichoshonewa nguo kuukuu, na jinsi nguo inavyozidi kuraruka. Tulikuwa tukidhani ni habari ya washonaji.

Tena twaona kwamba jambo hili si la pikapu peke yake. Mahali pengi pa kazi watu hutia injini mpya juu ya breki za zamani. Huletwa mashine yenye mwendo zaidi, lakini miwani ya kulinda macho ni ile ile iliyokwaruzika. Kazi ya watu sita hupewa wanne, lakini saa za kupumzika haziongezwi. Kila aletaye nguvu mpya na aulizwe, je, umeleta na kitu cha kuizuia? Nasi tutakuwa na haki ya kuuliza hivyo kwa mdomo mpana tukiwa tumelitengeneza gari letu kwanza.

Kwa hiyo tumefanya haya. Tulimwendea dereva wetu nyumbani kwao, mbele ya baba yake, tukamwomba radhi na kumlipa siku zote alizokosa kazi. Alirudi. Tulinunua altaneta yenye pampu, tukafungua dramu zote nne na kubadilisha vilivyoungua. Tulipeleka gari likakaguliwe, na namba ya injini mpya iandikwe katika kitabu cha gari kwa NTSA, maana gari lenye injini isiyoandikwa huleta mashaka kwa polisi na kwa bima. Sasa gari lashuka na kupanda, na fedha ya mafuta imepungua kama tulivyotumaini. Mlimani latoa moshi mweusi na halina haraka, kwa sababu hewa ya Iten ni nyepesi, lakini lafika.

Twaleta kwenu mashauri matatu, nasi twaomba matawi yote yayazungumze. La kwanza, kila kikundi cha wanachama chenye gari au mashine kiandike kwamba dereva au mwendeshaji akikataa kwa sababu ya hatari, hatapoteza mshahara wa siku hiyo mpaka chombo kitazamwe. La pili, mtu asiye na faida katika safari ndiye apime breki pamoja na dereva, wala si mwenye mzigo. La tatu, mafita na makanika walio wanachama wajitolee Jumamosi moja kila mwezi kuwakagulia wenzao magari, hasa yale yaliyobadilishwa injini. Kupima busta hakutaki chombo chochote: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Kama kanyagio hakishuki kidogo chini ya mguu wako, busta haipati msaada. Usiondoke.

Ndugu, mkubwa wa gari ni yule ambaye mguu wake uko juu ya breki. Akisema hapana, tumsikilize kwanza, maembe baadaye.

Ni sisi wenzenu wa reli, Eldoret.